Kumshikia Mwenzio Darasa: Mwongozo Kamili kwa Mwalimu Mwenza wa Muda

Simu ya kazi hii huja jioni, na anayepiga huwa na haraka kuliko wewe. Mwalimu fulani anaanza likizo ya uzazi wiki ijayo, darasa lake lina walimu wawili, mmoja anabaki, je, unaweza kuja kushika nafasi kwa miezi mitatu? Mimi nimeipokea simu hiyo mara mbili hapa Moshi, zote kutoka shule za msingi za binafsi zinazofundisha tofauti na tulivyofundishwa sisi. Watoto 24 darasani, miradi badala ya kunakili ubaoni, fimbo hakuna, na mwisho wa muhula hatangazwi wa kwanza wala wa mwisho. Mara ya kwanza niliingia kifua mbele kwa sababu nilikuwa na miaka 11 ya chaki, tena kwenye madarasa ya watoto 80 na zaidi. Miaka hiyo ilinisaidia kiasi, na pengine ndiyo iliyonikwamisha.

Watu wa huku mlimani wanajua maana ya kumwangalizia jirani kihamba, shamba lake la migomba la nyumbani, akisafiri. Unapalilia, unakata majani makavu, unavuna kilichoiva na chake unamtunzia. Hung'oi migomba yake ukapanda parachichi kwa sababu wewe unapenda parachichi. Karibu kila kosa nililolifanya, na nililoona wenzangu wakilifanya, lilitokana na kusahau hilo.

Hatua ya kwanza: karatasi kabla ya chaki

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama likizo ya uzazi ya siku 84 yenye malipo, na siku 100 akijifungua mtoto zaidi ya mmoja. Siku 84 ni wiki 12 kamili, Jumamosi na Jumapili zikiwemo. Sheria hiyohiyo inamtaka mama amjulishe mwajiri angalau miezi mitatu kabla ya tarehe anayotarajia kujifungua. Kwa hiyo ukiambiwa "tumeshtukizwa, mwalimu", tabasamu tu. Haraka hiyo ni ya ofisi, usiibebe wewe. Omba mkataba wa maandishi, usome, ulale nao usiku mmoja.

Mkataba useme tarehe ya kuanza na ya kumaliza, na useme itakuwaje mwenye darasa akichelewa kurudi. Mara ya kwanza sikuuliza. Mwenye darasa akajifungua mapacha, tukafurahi wote, siku 84 zikawa 100, na malipo ya zile siku 16 za nyongeza nilizungushwa mpaka nikachoka kudai.

Jambo jingine ambalo wengi hawalijui: kwa sheria hiyo, mfanyakazi ambaye hajatimiza miezi sita kazini hana haki ya likizo yenye malipo, hata ya ugonjwa, na vifungu vinavyomlinda mtu asiachishwe kazi isivyo halali havimhusu bado. Wewe unakwenda kukaa miezi mitatu. Basi kinga yako kubwa ni yale mtakayoandikiana. Omba siku chache za ugonjwa zenye malipo ziandikwe, maana malaria haisubiri mkataba uishe. Michango ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, jumla yake ni asilimia 20 ya mshahara, na sehemu unayokatwa wewe isizidi asilimia 10. Ukiona wanakuita "mwalimu wa kujitolea" na pesa yako wanaiita posho, jiulize kwa nini. Mtu anayefika saa moja na robo asubuhi akatoka saa kumi, siku tano kwa wiki, kwa kazi ya mtu mwenye mshahara, huyo hajajitolea.

Uliza pia kuhusu zamu, masomo ya ziada ya jioni na ripoti za mwisho wa muhula, na siku za kupokezana darasa (nitazieleza) zilipwe kama siku za kazi.

Hatua ya pili: jua shule inaamini nini

Shule za aina hii hazifanani, ingawa kwa mzazi anayepita nje zote ni "zile shule watoto wanacheza". Kuna zinazofuata njia ya Maria Montessori, daktari wa Kiitalia aliyefungua nyumba yake ya kwanza ya watoto mjini Roma Januari 1907. Huko vifaa vina mpangilio wake, mtoto huchagua kazi na kuimaliza peke yake, na mwalimu anayependa kusaidia sana huonekana msumbufu. Kuna zinazomfuata zaidi John Dewey, aliyeanzisha shule ya majaribio Chicago mwaka 1896, watoto wakijifunza hesabu na sayansi kupitia kupika, kufuma na useremala. Hapa mradi wa pamoja ndio roho ya darasa. Ukichanganya hizo mbili utakosea: utawakusanya watoto wote kwenye mkeka mahali ambapo kila mmoja alikuwa katikati ya kazi yake, au utawaacha kila mtu na lake mahali ambapo walitakiwa kujadiliana.

Nasema hapahapa, kwa sababu walimu wenzangu hupenda kuyaita haya mambo ya Wazungu: mwezi Machi 1967, mwezi mmoja baada ya Azimio la Arusha, Mwalimu Nyerere aliandika kuhusu Elimu ya Kujitegemea na kuilaumu shule inayomtenga mtoto na maisha ya watu wake. Sisi tukaichukua sehemu ya jembe, ile ya kumfundisha mtoto kufikiri mwenyewe tukaiacha mlangoni.

Muulize mwalimu mkuu maswali matatu tu. Mtoto akikosea, hapa mnafanya nini? Mzazi akiuliza maendeleo, mnamwonyesha nini? Mtoto akikataa kufanya kazi, nani anaamua? Majibu yake yatakuonyesha mengi kuliko kijitabu cha shule.

Hatua ya tatu: siku za kupokezana

Dai angalau siku tatu za kukaa darasani na mwenye darasa kabla hajaondoka. Tano ni bora. Siku hizo hufundishi. Unakaa pembeni kwenye kiti kifupi, na daftari mkononi.

Andika ratiba inavyokwenda kweli, si ile iliyobandikwa ukutani. Andika ishara: darasa letu lilinyamaza kwa makofi matatu ya polepole ambayo watoto waliyajibu kwa mawili, na mimi nilipopiga manne kwa kusahau, nusu ya darasa ilicheka. Andika nani anatumia inhela ya pumu, nani ana mzio wa karanga, nani anachukuliwa na dada wa kazi na nani haruhusiwi kuchukuliwa na mtu fulani, hata awe ndugu wa damu. Hilo la mwisho muulize mwenye darasa uso kwa uso, maana mara nyingi halijaandikwa popote. Uliza shule inafanya nini mtoto akidaiwa ada, na kama kuna siku utatakiwa kumtoa mtu darasani kwa sababu hiyo. Ni heri ulijue mapema kuliko kuletewa orodha saa nne asubuhi, watoto wakikutazama.

Halafu mwulize swali ambalo nililipata nikiwa nimechelewa: "Ni kitu gani humu darasani ambacho ukirudi ukakuta kimebadilika utaumia?" Mwache afikiri. Mmoja aliniambia ni wimbo wa kuagana. Mwingine akasema, "Kona ya vitabu. Usiisogeze hata kidogo, kuna mtoto anajificha pale anapozidiwa."

Kubalianeni pia jinsi ya kuwasiliana akiwa nyumbani. Huku kwetu mama aliyejifungua hukaa ndani karibu miezi mitatu akinyweshwa mtori, supu ya ndizi na nyama, na kuangaliwa, na mama mkwe hapendi kuona simu ya kazi inalia kitandani. Sisi tulikubaliana nimtumie ujumbe mmoja wa sauti kila Ijumaa, dakika mbili, asikilize akitaka. Siku ya kwenda kumpongeza mtoto, peleka khanga, sabuni, ndizi. Madaftari ya kusahihisha yaache shuleni.

Hatua ya nne: mwalimu mwenza, kazi iliko hasa

Watoto watakuzoea ndani ya wiki. Kazi ngumu ni mtu mzima mwenzako. Yeye amebaki na darasa, amempoteza mshirika aliyemzoea, na ameletewa wewe. Huenda ni mdogo kwako kiumri huku akiwa na uzoefu wa njia hii kuliko wewe. Wangu alikuwa hivyo: alinipita kwa cheti, nikampita kwa miaka 14. Alikuwa akiniita dada.

Wiki ya kwanza nilikuwa nikifundisha sehemu za namba. Nikaandika ubaoni, nikasema, "Nakilini." Yeye, kutoka nyuma, mbele ya watoto wote: "Hapa hatunakili." Kimya. Watoto 24 wanatutazama kama watu wanaosubiri kuona mbuzi wawili wakipigana. Nilimaliza kipindi kwa shida. Kesho yake, kwa mama wa chai nje ya geti, nikamwambia, "Mdogo wangu, jana uliniumbua." Akaweka andazi chini. "Samahani, dada. Lakini ulikuwa unawapoteza, na mimi sikujua nikuambieje." Hapo ndipo tulipaswa kuwa tumeanzia siku ya kwanza.

Tukawekeana maneno. Akitaka kuingilia anasema, "Mwalimu, naomba niongeze," na mimi nanyamaza, namwachia nafasi, hata kama sijamaliza sentensi. Nami hivyohivyo. Kwa watoto inaonekana ni walimu wawili wanaosaidizana. Kati yetu tunajua maana yake ni "hapa pameharibika". Sijawahi kuona sheria ndogo ya darasani iliyonisaidia kama hiyo.

Kisha tengeni nusu saa kila Alhamisi watoto wakishaondoka, na hiyo nusu saa mwalimu mkuu asiiguse. Mnapanga wiki ijayo, na kwa kila kipindi mnaandika nani anaongoza na mwingine atakuwa anafanya nini. Wamarekani Marilyn Friend na Lynne Cook, walioandika sana kuhusu walimu wawili kufundisha pamoja, wamezipanga njia hizo kuwa sita. Mmoja afundishe mwingine achunguze. Mmoja afundishe mwingine azunguke akisaidia. Darasa ligawanywe kwa vituo. Mligawe nusu kwa nusu na kufundisha jambo lilelile kwa wakati mmoja. Mmoja achukue kundi dogo pembeni. Au msimame wote wawili mkifundisha kwa kupokezana maneno.

Kwa mtu wa muda, si zote zina uzito sawa. Ile ya kuzunguka ukisaidia ni mtego. Ni rahisi, haina maandalizi, na baada ya wiki tatu utajikuta umekuwa mgawa penseli. Watoto wanaona haraka nani mwalimu na nani msaidizi. Ile ya kusimama wawili mbele inapendeza kwa wageni, ila inataka watu waliozoeana. Mkiijaribu wiki ya pili mtakanyagana. Anzeni na uchunguzi: yeye anafundisha, wewe unawaangalia watoto wanne tu na kuandika wanachofanya, si unachodhani. "Ameandika 7, amefuta, ameangalia daftari la jirani, ameandika 9." Baada ya hapo ingieni kwenye vituo, kwa sababu kituo ni chako: unakipanga na kukiongoza wewe, na makundi manne yanakupitia ndani ya saa moja. Hapo ndipo watoto wangu walipoanza kuniletea maswali moja kwa moja badala ya kunipita na kwenda kwake.

Hatua ya tano: wiki mbili usiguse ukuta

Siku ya tatu ya kuachiwa darasa nilibaki mchana peke yangu, nikaona ukuta mmoja umejaa vikaratasi vya zamani, vingine vimekunjamana, vumbi tupu. Nikavitoa vyote, nikafuta, nikabandika chati nzuri ya manila ya jedwali la kuzidisha. Nilijisikia mtu wa maana sana.

Asubuhi, kwenye duara, kibuyu kidogo kinachopitishwa ili anayekishika ndiye aseme kilimfikia msichana mmoja mpole. Akakishika kwa mikono miwili. "Mwalimu, swali langu liko wapi?"

Ule ulikuwa ukuta wa maswali. Kila mtoto akiwa na swali ambalo halijajibiwa huliandika na kulibandika, na darasa likipata nafasi hulichukua moja na kulifanyia kazi. Lake lilikuwa limekaa pale tangu Machi. Saa ya mapumziko nilikuwa nimeinama kwenye pipa la taka nyuma ya jiko, natoa vikaratasi katikati ya maganda ya ndizi na majani ya chai. Vitatu sikuvipata, nikawaomba wenyewe waandike upya. Chake nilikipata, kimelowa upande mmoja: *Kwa nini mlimani kuna barafu na sisi tuna joto?*

Nilimwomba radhi mbele ya darasa, yeye na wenzake. Kama unatoka shule za kawaida, fanya hivyo hata ulimi ukiwa mzito. Halafu mwenzangu akasema, "Dada, sasa hilo swali umelivunja, litengeneze wewe." Likawa mradi wetu wa Agosti.

Nitaueleza kidogo, kwa sababu walimu wengi huniuliza mradi unaanzaje kama siyo kucheza. Tulianza na kukisia: wengi walisema mlimani ni mbali na jua. Mmoja akabisha kuwa mlimani ni juu, kwa hiyo ni *karibu* na jua. Hatukujibu. Tulining'iniza kipimajoto kwenye mti uani, kivulini, na kila siku saa sita kundi moja likasoma na kuandika. Kisha nikawapa jambo moja tu: ukipanda mita 1,000, joto hupungua kama nyuzi 6. Moshi mjini tukaikadiria mita 900, kilele cha Uhuru, juu kabisa ya Kilimanjaro, ni mita 5,895. Tofauti, kwa kukaribisha, mita 5,000. Mara tano sita, thelathini. Kipimajoto chetu kilisoma nyuzi 28 siku hiyo. Ishirini na nane toa thelathini?

"Haiwezekani," wakasema watoto wa darasa la nne, na kwa hesabu walizokuwa nazo walikuwa sahihi.

Tukachora mstari wa namba kwa chaki kwenye sakafu ya varanda, mtoto mmoja akasimama kwenye 28 na kurudi nyuma hatua moja moja huku wengine wakihesabu. Akafika sifuri. Mstari ukaisha, akasimama. "Endelea," nikamwambia. Akatazama sakafu tupu nyuma yake, akarudi hatua mbili, akasimama mahali pasipo na namba. Msichana mwenye swali ndiye aliyepiga magoti akachora alama pale. Hizo nyuzi mbili chini ya sifuri hawatazisahau, na hazikuwa kwenye azimio la kazi la muhula ule. Wakati tunamalizia, mzee mlinzi wa geti aliwaambia kuwa ujanani mwake barafu ilionekana kubwa zaidi kutoka huku chini, na ikawa swali jipya ukutani. Ni kweli: tangu mlima ulipopimwa mwaka 1912, zaidi ya asilimia 80 ya barafu yake imekwisha.

Kwa hiyo, wiki mbili usiguse ukuta, usihamishe madawati, usibadilishe wimbo. Kitu kikikukera, kiandike. Baada ya siku 14 soma orodha yako. Yangu ya mara ya pili ilikuwa na mambo tisa, na yaliyobaki na maana yalikuwa mawili.

Hatua ya sita: watoto watakupima

Watakupima kwa sababu mwalimu wao ameondoka na hawajui kama wewe utakaa. Mmoja atapanda meza. Mwingine, ambaye hajawahi kulia, atalia kila asubuhi geti likifungwa. Katika shule hizi huna fimbo, na usijidanganye kwamba unaweza kuitumia kwa siri pembeni. Kanuni za serikali za mwaka 2002 zenyewe zinaruhusu viboko visivyozidi vinne, kwa makosa makubwa, vitolewe na mwalimu mkuu au aliyemteua kwa maandishi, na viandikwe kitabuni. Mwalimu wa darasa anayejichapia tu alikuwa nje ya kanuni hata kwenye shule tulizotoka, ingawa sote tumefanya. Kwenye shule hizi kofi moja ni mwisho wa mkataba.

Badala yake? Shusha sauti, usiipandishe. Nenda alipo mtoto, inama, sema jambo moja. Aliyemwaga rangi afute rangi, wewe ukiwa pale na kitambaa cha pili. Kijana mmoja aliyehamia kutoka shule nyingine alimwaga kopo zima la rangi ya bluu juu ya kazi ya kundi, akanikunjulia kiganja, macho amefumba, akisubiri. Nilimwekea kitambaa kwenye kile kiganja. Alichukua muda kuelewa.

Ukiona alama za kupigwa nyumbani, au mtoto akikuambia jambo linalokutisha, usimhoji kama polisi na usimwahidi kwamba hutamwambia mtu. Mweleze mhusika wa ulinzi wa watoto shuleni siku hiyohiyo. Namba 116 ya huduma kwa mtoto ni ya bure, na vituo vya polisi vina dawati la jinsia na watoto.

Hatua ya saba: makaratasi

Shule ina miradi, lakini pia ina mtaaluma, mwalimu anayesimamia taaluma, na wathibiti ubora wa shule wanaweza kuingia getini asubuhi yoyote. Watataka azimio la kazi, andalio la somo na rejista ya mahudhurio. Usiandike maandalio ya kubuni huku ukifundisha kingine. Chukua muhtasari, tafuta umahiri mahususi ambao mradi wako unaugusa, na uandike huo. Mradi wa barafu uligusa Hisabati, Sayansi, Jiografia na Mazingira, na Kiswahili kwa sababu kila kundi liliandika taarifa. Andalio langu lilikuwa la kweli kuliko mengi niliyowahi kuandika.

Kama ni darasa la nne, kuna Upimaji wa Kitaifa, ambao huwa Oktoba. Tulitenga kipindi kimoja kwa wiki cha kukaa kimya na karatasi ya maswali, kwa muda uliopimwa, ili siku ile sura ya karatasi isiwatishe.

Hatua ya nane: wazazi

Mwalimu mkuu ndiye akutambulishe, kwa barua, kabla hujaingizwa kwenye grupu la WhatsApp la wazazi. Ukiingia kwenye grupu, usijibu jambo la mtoto mmoja mbele ya wote, na usijibu usiku. Mzazi akikuuliza "wewe ni wa kudumu au wa muda?", mwambie ukweli na tarehe.

Swali litakalokusumbua ni moja. Baba mmoja mwenye duka Mbuyuni alikuja Ijumaa jioni, akaketi kwenye kiti cha mtoto, magoti yakimfika kidevuni. "Mwalimu, mimi sina maneno mengi. Kijana wangu ni wa ngapi?"

Nikamletea jalada la kazi za mtoto wake. Nikatoa karatasi mbili tu: aya aliyoandika Julai na aliyoandika Septemba. Ya Julai ilikuwa na mistari mitatu bila nukta. Ya Septemba ilieleza mfongo, mfereji wa kumwagilia, wa babu yake kule Uru, maji yanavyogawanywa kwa zamu, na nani hugombana na nani. Baba alisoma zote mbili polepole. Akarudia ya pili. Akacheka kidogo alipofika kwenye ugomvi.

"Hii ni yake kweli?"

"Ni yake, baba. Makosa yake yamo humohumo."

Akaikunja vizuri, akanirudishia. "Sawa, mwalimu. Nimeelewa." Akasimama, akafika mlangoni. "Sasa, kwa hao 24, hapo anakuwa wa ngapi?"

Usimcheke, naye amesomeshwa kwa nafasi. Usimpe namba ya siri pia, kwa sababu Jumatatu itakuwa kwenye grupu. Nilimwambia jambo moja ambalo mtoto bado hajaliweza, kwa jina lake: kugawanya kwa namba ya tarakimu mbili. Na nikamwambia amfanyishe hesabu za dukani. Mzazi anayetaka namba mara nyingi anataka ajue pa kushika.

Ili uweze kufanya hivyo, kila siku andika mistari miwili kuhusu watoto watatu. Kwa darasa la 24, siku nane unawamaliza wote na kuanza upya. Tarehe na ulichokiona, basi.

Hatua ya mwisho: kurudisha

Wiki mbili kabla, waambie watoto tarehe na muiweke kwenye kalenda ya ukutani. Omba siku mbili za kuwa na mwenye darasa kabla hujaondoka, naye arudi polepole: siku ya kwanza aongoze duara tu. Atakuwa amechoka, usiku anaamka kunyonyesha, na darasa limebadilika bila yeye. Mkabidhi daftari la watoto, orodha ya yaliyobadilika na kwa nini, na yaliyoharibika. Niliandika wazi: "Maswali matatu ya ukutani yalipotea, yameandikwa upya, kosa ni langu."

Watoto wakisema mbele yake "Mwalimu wa muda alituruhusu", usijitetee na usitabasamu. Wakikuuliza kama utarudi, jibu usilolijua usilitoe.

Kutoka ofisini chukua mambo mawili kabla ya kuaga: hesabu yako ya malipo ya mwisho, na cheti cha utumishi, ambacho sheria inamtaka mwajiri akupe mkataba ukiisha. Kisifuate nyumbani kwa simu, kitachelewa. Rejista ijaze mpaka siku yenyewe. Ufunguo wa kabati usiuache mezani kwa mtaaluma. Mpe mwenye darasa mkononi, ndani ya darasa, watoto wakiona.